Kutengeneza Lita kwa Karatasi: Programu Huria ya Kuchorea na Somo la Ujazo

Wanachuo wengi tuliopata kuwatazama katika mazoezi ya kufundisha huandika ubaoni kwamba lita moja ni sentimita za ujazo 1,000, kisha huwataka watoto wakariri. Watoto hukariri kweli. Lakini mtoto akiombwa aonyeshe kwa mikono ukubwa wa lita hiyo, mara huonyesha kikombe, mara ndoo. Katika makala haya twapenda kueleza jinsi mwalimu awezavyo kujitengenezea visanduku vya manila kwa somo hilo, akitumia programu ya kompyuta isiyomgharimu hata senti. Ndiyo kazi wanayoifanya wapenzi wa kazi za mikono majumbani mwao kwa kujiburudisha, wanapochora vikaragosi vya kadi, nyuso za saa na masanduku ya zawadi.

Programu tunayoikusudia huitwa Inkscape. Ilianza mwaka 2003, baadhi ya watengenezaji wa programu ya Sodipodi walipojitenga na kuiendeleza kazi hiyo kwa njia yao. Ni programu huria, maana yake maandishi yaliyoiunda yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili, hata kuibadilisha. Kwa chuo chenye fedha kidogo jambo hili si dogo. Mwanachuo aweza kuichukua nakala hadi shule atakayopangiwa, na hakuna sheria iliyovunjwa. Ikisha kuwekwa katika kompyuta, haihitaji intaneti.

Tuje kwenye mchoro. Mchemraba wenye upande wa sentimita 10 ndio lita yenyewe. Lakini ukikunjuliwa kwa umbo la msalaba huchukua sentimita 30 kwa 40, nao haukai hata katika karatasi ya A3, ambayo upana wake ni milimita 297. Milimita 3 tu zimetunyima! Kwa hiyo twachora mchemraba wa sentimita 5. Msalaba wake ni sentimita 15 kwa 20, huingia vizuri katika karatasi ya A4, na visanduku vinane vikipangwa pamoja hufanya lita ile ile. Nasi twaona hii ni bora zaidi, kwani watoto huiona lita ikijengwa mbele ya macho yao.

Kwanza mwalimu auchague ukurasa wa A4 na kipimo cha milimita. Kisha achukue chombo cha kuchorea mistatili, achore mstatili wowote, na katika nafasi za upana na urefu aandike 50 na 50. Namba hizo ziandikwe wakati chombo hicho cha mistatili kingali mkononi. Akiziandika kwa chombo cha kuchagulia, kwa kawaida programu huhesabu na unene wa mstari, na mraba huwa mdogo kuliko alivyokusudia. Mraba huo aunakili mara tano na kuipanga yote sita: minne katika safu moja, na mmoja kila upande wa mraba wa pili. Mraba huo wa pili ndio kitako; wa nne ni kifuniko. Vipindo vya kutilia gundi vinatosha vinne, viwili katika mraba wa kwanza na viwili katika wa tatu.

Mwisho achore pembeni mwa ukurasa mstari mmoja wa milimita 100. Mstari huo si pambo. Safari yetu ya kwanza hatukuuchora, na tulipochapisha hatukuangalia kwamba mashine ilikuwa imeagizwa kuupunguza mchoro ili utoshee karatasi. Kila upande ukatoka na milimita 48. Tulikata, tukakunja, tukagundisha visanduku vyote vinane, navyo vilipendeza machoni. Lakini sentimita 4.8 zikizidishwa mara tatu kwa zenyewe hutoa sentimita za ujazo 110.6 badala ya 125, na lita yetu nzima ikawa sentimita za ujazo 885 hivi. Milimita 2 zilikuwa zimekula zaidi ya sehemu moja ya kumi. Basi uchapishaji uwe wa asilimia 100, na mstari ule upimwe kwa rula kabla ya mkasi kushikwa. (Unene wa manila nao hupunguza nafasi ya ndani, lakini kidogo sana.) Mistari ya kukunjia ipitishwe kalamu iliyokwisha wino, ndipo manila ikunjike bila kupasuka.

Vile visanduku vibovu hatukuvitupa. Tuliviweka mezani pamoja na vile sahihi tulivyotengeneza baadaye, tukawapa watoto mtama, rula na chupa ya lita moja, tukawaachia watafute wenyewe ni lita ipi iliyo ya uongo.