Mahindi na Muhogo: Virusi Ndugu, Wabebaji Mbalimbali

Ukipita mashamba ya Mtongwe au Mwakirunge wakati mahindi yamefika magotini, utaona mengine yana milia myembamba ya njano, iliyokatika-katika kufuata mishipa ya jani. Kando yake muhogo nao umejikunja majani, una mabaka. Watu husema, "Ugonjwa wa muhogo umerukia mahindi." Basi haukuruka, ingawa virusi vya milia na vya batobato ni vya ukoo mmoja kweli.

Kirusi ni uzi mfupi wa maagizo ya uzazi, umefungwa ndani ya ganda la protini. Ganda la ukoo huu lina umbo la pacha, mfano wa njugu yenye punje mbili, imebonyea kiunoni. La mahindi na la muhogo yote mawili yana vipande 110 vya protini, vitano vitano, mafungu 22. Virusi 25,000 vikipangwa mstari havijazi milimita moja!

Sasa tofauti iko wapi? Iko katika protini zenyewe, hasa upande wa nje, na hapo ndipo mbebaji huamuliwa. Mdudu akifyonza utomvu, kirusi hupita tumboni mwake hadi kwenye mate. Ganda lisilomfaa halipiti. Milia hubebwa na kidudu kidogo kirukacho majanini kama panzi, batobato na nzi weupe. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walikivika kirusi cha batobato ganda la jamaa yake wa kiazisukari, naye hubebwa na vidudu virukao. Kikabebwa na vidudu hivyo, ambavyo kwa kawaida havikibebi kabisa.

Kwa hiyo kung'oa muhogo hakuokoi mahindi. Kirusi cha milia hujificha katika nyasi za mipakani, na hakimo ndani ya punje za mbegu. Batobato ndiyo ya kuogopa zaidi sisi tunaogawana vipando, kwa sababu kirusi kimo ndani ya kijiti chenyewe. Kikundi kikigawa vijiti vya shamba moja lenye ugonjwa, kimeupanda kila boma bila kungoja nzi. Kibandameno tunaupenda kwa utamu, lakini hushikwa upesi. Tieni alama mashina yasiyo na mabaka tangu machanga, mkate vipando hapo tu, na yanayoonyesha mabaka mapema yang'olewe.

Tahadhari moja: michirizi ya kahawia, ile inayoozesha muhogo ardhini huku shina likionekana zima, si ya ukoo huu. Ganda la kirusi chake ni kama ufito mrefu unaopinda, ila nao hubebwa na nzi weupe na vipando. Kabla ya kukata vijiti kwenye shina, lichimbueni na mpasue muhogo wake muutazame ndani.