KIPANDE KINACHOIFAA KILA PIA

Pia uliyoichonga utotoni ilikuwa ya mti mmoja tu. Pia za Beyblade, ambazo kampuni ya Takara ilizitoa Japani mwaka 1999, huungwa kwa vipande: gurudumu la kugongea, mhimili wa katikati, na ncha ya chini. Ncha bapa huikimbiza pia huku na huko ikishambulia; ncha iliyochongoka huituliza idumu kuzunguka. Mchezaji hupata moja akakosa jingine, na utamu wa mchezo uko hapo.

Mhimili uitwao BD145, wa pia za chuma zilizoanza mwaka 2008, haukukosa kitu. Sahani yake pana na nzito iliwafaa washambuliaji, walinzi na wastahimilivu vilevile. Chama cha wapenzi wa mchezo huo, World Beyblade Organization, kikaupiga marufuku katika mashindano yake ya aina ya Limited.

Mtoto aliyedunduliza fedha akanunua kipande halali, kisha akaambiwa akiache nyumbani, ana haki ya kulia. Lakini mwenzake aliyeipenda pia nyingine naye alishindwa kabla ya kuirusha.

Beyblade X ya mwaka 2023 ina dawa nyepesi: katika shindano la pia tatu kwa tatu, kipande hakirudiwi. Ningeipendelea, ila haimsaidii anayecheza kwa pia moja. Hapo marufuku haikwepeki. Mzazi, kabla hujafungua mkoba, waulize waandaaji orodha yao.