Paka na Mfugaji Wake

Wengi hudhani kwamba paka hupenda jiko, wala si mwenye nyumba. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la watoto 70 wa paka. Kila mmoja alitiwa katika chumba kigeni pamoja na mfugaji wake kwa dakika 2, akaachwa peke yake dakika 2, kisha mfugaji akarejea. Asilimia 64 hivi walimlaki, wakatulia, wakaendelea kukagua chumba. Waliosalia, wengi wao walimganda bila kutulia, wachache walimkwepa. Kuganda huko, basi, ni dalili ya wasiwasi, si ya mapenzi yaliyozidi. Naye ajisuguaye shavu miguuni humwachia mfugaji harufu ya tezi zake, kama awafanyiavyo paka wenziwe aliowazoea.