Minsar na Mikhlab: Mdomo au Kucha?

Waarabu huuita mdomo wa ndege minqar. Ule uliopinda wa ndege wawindao, kama mwewe, huuita minsar. Wapo wanaodhani kwamba kupinda huko kwa mdomo ndiko kunakomharamisha ndege. Sivyo. Katika hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza kila ndege mwenye mikhlab, yaani kucha za kukamatia na kurarulia mawindo. Mdomo haukutajwa. Imamu Malik, kwa kauli mashuhuri ya madhehebu yake, hakuwaharamisha hata hao. Na kasuku? Mdomo wake umepinda, lakini hawindi. Mahanafi wamemhalalisha. Mashafi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, wamemharamisha: kwa ubaya wa nyama yake, si kwa mdomo wake.