Herufi Nne Zenye Vituko

Nilipokuwa mwalimu wa Kiingereza, mwanafunzi wangu mmoja alisoma neno "cough" akalitamka "kau". Wenzake wakaangua kicheko. Nami, naona haya kukiri, nikacheka pia. Tangu siku hiyo mtoto huyo hakuinua mkono tena.

Wiki iliyofuata niliwatuma wote wakatafute maneno yenye o, u, g na h zikifuatana. Wakarudi na though, through, enough, bought na plough. Ubao ulipojaa, ndipo nilipoelewa. Plough ndilo tulilolikopa tukapata plau. Basi aliyelijua hilo alikuwa na haki kamili ya kusema "kau". Mtoto alifikiri, tukamcheka!

Kosa, ndugu walimu, ni la lugha yenyewe. Waingereza wa kale walitamka gh hiyo kwa sauti iliyokaribiana na kh ya "kheri". Baadaye sauti ikafa katika though, ikageuka f katika enough. Lakini tahajia ilikuwa imeanza kuzoeleka, hasa baada ya William Caxton kuanzisha uchapaji huko Westminster mwaka 1476, ikabakia kama nyumba iliyohamwa.

Baada ya maelezo hayo, yule kijana aliinua mkono. Alikuwa amepata neno "hiccough", yaani kwikwi. Nikalisoma kwa sauti kuu: "hikof". Tulipofungua kamusi, tukakuta hutamkwa "hikap". Darasa lilicheka tena, safari hii likimcheka mwalimu.