Mashairi ya Kukesha Nayo Msibani

Anayelala msibani huku kwetu Katoro, mkoani Geita, anajua kwamba saa nane usiku ndiyo saa ngumu. Waliokuja jioni na rambirambi wameshaondoka, kwaya imechoka, jenereta limezimwa. Wanaume wamejikunyata kuzunguka moto chini ya turubai. Ndani kwa kina mama, waliolia tangu asubuhi wamepitiwa na usingizi, isipokuwa mfiwa.

Nafundisha Kiswahili sekondari, na kwa kuwa tunaishi katikati ya maduara, yaani mashimo ya kuchimba dhahabu, misiba mingi ninayokesha ni ya vijana. Ninaamini kwa dhati kwamba saa hiyo ya nane ina mashairi yake, na kwamba tumewakosea wafiwa kwa kuyaacha yawe ya kujibia mtihani tu.

La kwanza ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa pwani ya Lamu, wa mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauuliza kwa nini haushtuki. Kisha anautembeza katika magofu ya mji wa Pate. Matajiri waliolala kwenye vitanda vya fahari huku wakipepewa, sasa wamelala mwanandani, udongo umewabana mbavu. Kwenye vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure, ndege wamejenga viota. Usingizi wa kitandani na ule wa kaburini mshairi ameuweka pamoja, na anayeogopa kufumba macho usiku wa msiba anaona kwamba kuna aliyekuwa na hofu hiyohiyo kabla yake. Halafu kuna vina. Kila ubeti una mishororo minne, mitatu inakubaliana, na wa nne unarudi kwenye kina kimoja kinachofunga utenzi mzima. Mawazo ya mfiwa hutawanyika ovyo. Kina kile kinayarudisha, ubeti baada ya ubeti. Ndiyo maana napendekeza usomwe kwa sauti.

La pili ni la Shaaban Robert. Alipofiwa na mkewe alimtungia shairi lililobeba jina lake, Amina, na akaliweka katika kitabu chake cha Maisha Yangu. Humo anamsemesha marehemu kana kwamba yupo chumba cha pili, anamweleza jinsi alivyomwombea apone. Nimewahi kumsomea mjane mmoja shairi hilo. Hakulia. Aliomba nimwachie karatasi.

Jirani yetu wa ng'ambo ya maji, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyefariki Januari 2020, alikwenda njia nyingine. Katika Kichomi, diwani ya mwaka 1974, aliacha vina na mizani, na wapo wanaomlaumu hadi leo. Mimi namtetea. Kuna vifo ambavyo ukivipangia vina unavidanganya.

Vya machimboni ni hivyo. Oktoba 2015, wachimbaji sita walifukiwa Nyangalata, wilayani Kahama. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura. Mwenzao alifia humo chini. Huko hakuna mchana wa kumaliza usiku. Na Januari 2017, Nyarugusu hapa Geita, wachimbaji 15 walinasa chini ya ardhi, na kwa siku kadhaa mkoa mzima ulikosa raha mpaka walipotolewa wote wakiwa hai. Kwenye vitabu ninavyofundishia hakuna hata ubeti mmoja unaoingia duarani.

Ila beti hizo zinatungwa. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyeacha shule akaingia machimboni, alimtungia mwenzake aliyeangukiwa na kifusi. Aliandika kwenye simu, akasoma msibani kwa mwanga wa simu hiyohiyo. Alitaja winchi, kamba iliyochakaa, matimba (magogo ya kuzuia kifusi) yaliyooza ambayo kila mtu aliyaona. Machimboni marehemu alijulikana kwa jina la utani tu. Wengi pale ndiyo kwanza walikuwa wanasikia anaitwa nani. Kijana alikuwa ameliweka jina lake kamili, pamoja na la kijiji chake huko Maswa, kwenye kituo cha kila ubeti. Baba mzazi alikuwa amefika usiku ule kwa basi. Aliinua mkono akasema, "Mwanangu, hebu rudia hapo ulipomtaja."

Akarudia. Watu waliamka wakakaa, mmoja akachochea moto, na waliomfahamu marehemu wakaanza kueleza, kila mtu lake, mpaka kukakucha. Hayo yote yaliletwa na beti sita zenye mizani iliyopinda, ambazo darasani ningezisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo nina ombi kwa kamati za misiba za Katoro, Nyarugusu, Kakola na Kahama. Kwenye ratiba mnaweka wasifu wa marehemu, salamu za serikali ya mtaa, neno la chama. Tengeni dakika kumi za shairi baada ya wasifu, na mumpe nafasi hiyo aliyefanya naye kazi. Nanyi mlio na beti kwenye simu, zinakilini kwenye daftari, mweke jina kamili la marehemu na tarehe, kabla simu haijaibwa au kuharibika.