Kabla ya Kumpeleka Ndugu Yako katika Nyumba ya Upataji Nafuu

Familia nyingi huamua kumtafutia ndugu yao tiba ya kulala zikiwa zimekwisha kuchoka, na akiba ikiwa imekaribia kwisha. Ndiyo maana tunaona ni haki yao kujua, kabla ya kulipa, ni faida gani hasa inayopatikana katika nyumba ya upataji nafuu, na ni ipi isiyopatikana humo.

Faida kubwa ni muda na utengano. Mraibu wa heroini anayebaki mtaani kwake hupita kila siku kwenye kijiwe kilekile, huonana na marafiki walewale, na humkuta muuzaji aliye tayari kumkopesha kete. Hamu huamshwa na vitu hivyo hata pale nia ya kuacha ilipo ya kweli. Katika nyumba hizi, ambako wengi hukaa miezi minne hadi sita, mtu huamka kwa saa maalumu, hufagia, hupika kwa zamu, hula kwa wakati na kuhudhuria vikao. Kwa mwenye afya haya ni mambo madogo. Kwa mtu ambaye siku zake zilipangwa na arosto kwa miaka mingi, ni kujifunza kuishi upya. Isitoshe, wasimamizi wengi ni watu waliopata nafuu wao wenyewe, wanaofuata hatua kumi na mbili za Narcotics Anonymous. Hawadanganyiki kwa urahisi, na hawamdharau mgonjwa.

Lakini kwisha kwa arosto si kupona. Arosto ya heroini huanza saa chache baada ya kukosa dawa, hupamba moto siku ya pili au ya tatu, na sehemu kubwa hutulia baada ya takribani wiki moja. Ndugu wanaomrudisha mgonjwa nyumbani wakati huo kwa sababu ameanza kula na kulala wamelipia sehemu nyepesi ya safari.

Pombe ina hatari yake. Mtu anayekunywa sana kila siku, akiachishwa ghafla, anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa akili, na hata kufa. Hali ni hiyohiyo kwa aliyezoea vidonge vya usingizi kama diazepamu. Mtu wa namna hiyo aanzie hospitali, chini ya uangalizi wa daktari, ndipo apelekwe kwenye nyumba ya upataji nafuu. Msimamizi anayesema kwamba maji baridi na maombi vyatosha, msimwachie mgonjwa wenu.

Ombeni kuona kibali cha nyumba, mabweni, jiko na vyoo. Ulizeni mgonjwa akizidiwa usiku atapelekwa hospitali ipi, na kwa usafiri gani. Takeni mkataba wa maandishi unaoonyesha gharama zote na utaratibu wa kurudishiwa fedha, na kila malipo yapewe risiti. Kufunga watu minyororo na kuwachapa si tiba. Kadhalika, nyumba inayomzuia mgonjwa kumeza dawa zake za VVU au kifua kikuu haifai, hata iwe safi namna gani. Na anayeahidi kuponya kila anayeingia anauza maneno tu.

Si kila mraibu anahitaji kulala. Tangu mwaka 2011, ilipoanza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, methadoni imewawezesha waraibu wengi wa heroini kutibiwa huku wakiishi kwao. Mgonjwa hunywa dozi yake kliniki kila siku, bila malipo, kisha huenda kwenye shughuli zake. Wapo wanaoibeza tiba hii kuwa ni kubadilisha dawa kwa dawa. Hatukubaliani nao, kwa kuwa hupunguza vifo. Hata hivyo, methadoni haitibu uraibu wa pombe wala wa bangi.

Kipindi kinachotutia hofu zaidi ni wiki za kwanza baada ya kutoka. Mwili uliokaa miezi bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, na kipimo alichokimudu mtu zamani sasa chaweza kumuua. Kwa hiyo, kabla ya siku ya kutoka, kaeni na msimamizi mpange: ataishi wapi, na nani, atafanya kazi gani, atahudhuria vikao wapi. Pengine ni heri asirudi kwenye chumba kilekile. Mkimkuta hazinduki, anapumua polepole au kwa kukoroma, na midomo imebadilika rangi, mlazeni kwa ubavu, msimwache peke yake, na mumfikishe hospitali upesi. Mwelezeni mhudumu ukweli wote kuhusu alichotumia, ili ajue mapema kama anahitaji naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya heroini mwilini.